Makomredi wa Umma: chama kilikufa Machi 1964, sio Aprili 1972

Kuna vyama vinaishi miaka sitini na hakuna anayekumbuka vilifanya nini, halafu kuna Umma Party ya Zanzibar. Kilizaliwa katikati ya 1963, hakikuwahi kusimamisha mgombea hata mmoja, kikapigwa marufuku kabla hakijatimiza mwaka, kikafufuka kwa sababu ya mapinduzi, na Machi 1964 kikajivunja chenyewe. Kama miezi minane au tisa hivi, basi. Lakini mpaka leo ukitaja jina la Babu, kiongozi wake, mbele ya wazee wa Unguja hutakosa mtu wa kukwambia yule ndiye aliyekuwa ubongo wa mapinduzi, na hutakosa mwingine wa kukwambia yule ni mtu wa Hizbu, chama chake cha zamani, aliyejificha ndani ya koti la ukomunisti. Mimi naona wote wawili wanampa zaidi ya alichokuwa nacho. Na naona pia tunapoteza muda mwingi sana kubishana kuhusu risasi za Kisiwandui za Aprili 1972 zilizomuua Rais Karume wakati ukitaka kujua hawa makomredi, yaani watu wa Umma, waliishaje jibu lipo miaka minane nyuma.

Tuanze na walikotoka maana hapa ndipo watu wengi wanachanganya. Abdulrahman Mohamed Babu aliondoka Zanzibar 1951 kwenda London, akasoma na kufanya kazi kule, akachanganyika na siasa za mrengo wa kushoto, na 1957 akarudi kuwa katibu mkuu wa Zanzibar Nationalist Party, yaani Hizbu. Ndiyo, Hizbu ya Ali Muhsin, chama ambacho wapinzani wake walikuwa wanakiita chama cha Waarabu na mamwinyi wa mikarafuu. Sasa mtu atauliza komredi alifuata nini huko? Jibu ni kwamba wakati ule Hizbu ndiyo iliyokuwa inapiga kelele zaidi kuhusu uhuru wa haraka na Mwingereza aondoke, inaongea lugha ya Nasser wa Misri na ya mkutano wa Bandung, wakati Afro-Shirazi ya Abeid Karume ilikuwa na hofu kwamba uhuru ukija haraka utamkabidhi nchi Sultani na watu wake. Kwa kijana anayeona adui namba moja ni mkoloni, Hizbu ilikuwa na mvuto. Hofu ya Afro nayo haikuwa ya kijinga hata kidogo, kama tulivyokuja kuona.

Na Babu aliifanyia Hizbu kazi kweli kweli. Uchaguzi wa Julai 1957 chama hakikupata kiti hata kimoja. Januari 1961 kikapata viti 9 dhidi ya 10 vya Afro-Shirazi, na Juni mwaka huo huo viti 10 kwa 10, na katikati kipo chama kidogo cha ZPPP cha Mohammed Shamte na viti vyake 3, ambacho kinaamua nani atawale. Mabadiliko hayo ndani ya miaka minne hayakuja kwa dua. Yalikuja kwa matawi, kwa vijana wa Youths' Own Union, vyama vya wafanyakazi, magazeti, na skolashipu za kwenda Cairo, Peking, Moscow, na Havana ambako chama kilifungua ofisi kabisa. Babu mwenyewe alifika China mapema kuliko wanasiasa wengi wa ukanda huu na akawa mwandishi wa shirika la habari la Xinhua. Ukiangalia vizuri utaona mashine ya Hizbu ilijengwa na watu ambao hawakuamini kile ambacho viongozi wa juu wa Hizbu walikuwa wanaamini. Hiyo haiwezi kudumu.

Uchaguzi wa Juni 1961 uliisha kwa damu, watu 68 waliuawa, wengi wao Waarabu. Nadhani kuanzia hapo makomredi walianza kuona kwamba siasa za kikabila zitaimeza nchi na wao wamekaa upande ambao utamezwa. Mwaka 1962 Babu akafungwa kwa kosa la uchochezi, na alipotoka 1963 akakuta chama kinajiandaa na uchaguzi wa mwisho kabla ya uhuru huku wagombea wakipangwa kwa mtindo ule ule wa zamani. Yeye na wenzake wakataka wagombea wachanganywe ili chama kifute sura ya ukabila, uongozi ukakataa, wakatoka. Ndiyo ikazaliwa Umma.

Tazama majina sasa. Ali Sultan Issa, aliyewahi kuwa kwenye chama cha kikomunisti cha Uingereza. Khamis Abdalla Ameir. Qullatein Badawi. Salim Ahmed Salim, kijana mdogo kabisa aliyeshafanya kazi ofisi ya Havana. Ali Mahfoudh na Hashil Seif Hashil, hao walipata mafunzo ya kijeshi Cuba. Ni orodha ya watu waliosoma na waliotembea dunia, wanaojua Lenin anasema nini kuhusu chama cha mapinduzi, na wengi wao ni vijana wa mjini. Wakulima wa mikarafuu wa Pemba wako wapi? Wachukuzi wa bandarini wapo kiasi kupitia vyama vya wafanyakazi, lakini yule mtu wa Ng'ambo, upande wa maskini wa mji, mwenye kibanda cha udongo moyo wake ulikuwa kwa Afro na Karume, baharia wa zamani anayeongea lugha yake. Umma walikuwa na makada, wananchi hawakuwa nao. Hili nataka ulishike maana kila kilichofuata kinatoka hapa.

Julai 1963 matokeo yakawa yale yanayokumbukwa na kila Mzanzibari: Afro-Shirazi ikapata asilimia 54 ya kura na viti 13, Hizbu viti 12, ZPPP 6, kwa hiyo walioshindwa kwa kura wakaunda serikali kwa viti 18. Desemba 10 uhuru ukatolewa, Sultani Jamshid bin Abdullah yupo kwenye kiti, Shamte waziri mkuu. Na serikali hiyo changa, badala ya kushughulika na zile asilimia 54, ikaanza kukimbizana na kundi dogo la Umma, ikalipiga marufuku mwanzoni mwa Januari 1964, polisi wakapekua, Babu akakimbilia Dar es Salaam. Yaani walikuwa wanalinda mlango ambao mwizi hakuupitia. Usiku wa kuamkia Januari 12 waliovamia bohari ya silaha ya Ziwani na kambi ya Mtoni walikuwa watu wa John Okello, aliyeongoza uvamizi, na vijana wa Afro-Shirazi. Babu hakuwepo, yeye na Karume walirudi kwa boti kutoka Dar.

Umma waliingia asubuhi. Hapa ndipo mchango wao ulipo na ni mchango wa kweli ila una mipaka yake. Vijana waliotoka Cuba walijua kutumia silaha ambazo waliozipora walikuwa hawazijui vizuri, walijua kupanga, walijua vituo gani vishikwe kwanza, na kituo cha polisi cha Malindi kilichochelewa kuanguka kikamalizwa nao wakiwemo. Wapo wanaosema makomredi walipunguza mauaji mjini kwa kuweka nidhamu, na wapo manusura ambao hawataki kusikia habari hiyo kabisa, na kwa jinsi watu walivyokufa kwa maelfu siku zile sioni sababu ya kuwalazimisha wasikie. Lakini kusema Umma walipindua ni kuwapa sifa isiyo yao. Waliikuta gari inatembea wakapanda, na walikuwa miongoni mwa wachache waliojua kuiendesha. Hii gari nitaiacha hapa hapa.

Sasa nani aliwafanya waonekane wakubwa? Makachero na waandishi wa nje. Vijana wana ndevu, wamevaa magwanda ya kijani, wengine wanapiga kelele "Venceremos!" (tutashinda) mitaani, basi habari zikaruka kwamba Wacuba wametua Zanzibar. Hawakuwa Wacuba, walikuwa watoto wa Unguja waliorudi na mavazi na Kihispania cha kubahatisha. Washington wakaanza kuongea kuhusu Cuba ya Afrika. Jamhuri mpya ikaitambua Ujerumani Mashariki, jambo lililowaumiza kichwa Wajerumani wa Magharibi kweli kweli, China nayo ikaja, na kila ripoti ya ubalozi ikawa na jina la Babu ndani. Waingereza ndio wamenichekesha zaidi: walitengeneza mipango ya kijeshi ya kuivamia Zanzibar mmoja baada ya mwingine, Parthenon, Boris, Finery, Shed, Giralda, na mipango ya mwishoni ililenga hasa hali ya makomredi kumpindua Karume. Shed ulianza Aprili 1964. Umma kilishajivunja Machi! Giralda wakaukalia mpaka Desemba. Dola lenye manowari linajipanga mwaka mzima dhidi ya chama ambacho hakina tena hata ofisi.

Na hofu hiyo ikawa na miguu. Watu wengi wanasema Muungano wa Aprili 26 ulikuwa mradi wa kuwadhibiti makomredi, kwamba Karume aliwaogopa, Nyerere aliogopa kisiwa chenye vita baridi mlangoni kwake, na mabwana wakubwa wakasukuma kwa nyuma. Mimi nasema ni sababu mojawapo. Nyerere alikuwa ametoka kuonja maasi ya jeshi lake Januari ile ile, alikuwa na imani ya umoja wa Afrika tangu zamani, na Karume alihitaji mgongo wa kuegemea. Ila haifichiki kwamba makubaliano yalipofanyika Babu, waziri wa mambo ya nje, alikuwa safarini Asia. Waziri wa mambo ya nje nchi yake inaungana na nyingine yeye yuko nje. Mtu asiniambie ni bahati mbaya.

Lakini narudi Machi. Kwa nini chama kinachojiita cha kimapinduzi, ambacho kimepata kile ambacho vyama vingi vya kikomunisti duniani havikuwahi kukipata, yaani uwaziri, viti Baraza la Mapinduzi, na watu wenye silaha, kinajivunja kwa hiari? Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Afro ndiyo yenye watu. Nchi inaelekea mfumo wa chama kimoja. Ukibaki nje unaonekana unapinga mapinduzi, na kwa asili ya baadhi yao na historia ya Hizbu, kuitwa mpinga mapinduzi Zanzibar ya 1964 ilikuwa hukumu ya kifo. Ukiingia ndani unaweza kuivuta Afro kushoto. Na mwanzoni ilionekana inavutika: Okello akaondolewa Machi hiyo hiyo na vijana wa Umma walisaidia kuwapokonya silaha watu wake, ardhi ikataifishwa, wataalamu wa Mashariki wakamiminika.

Nisichokielewa ni bei. Waliingia bila masharti yoyote ninayoweza kuyaona. Hakuna gazeti lililobaki lao, hakuna tawi, hakuna hata kikao cha faragha chenye uwezo wa kumwambia waziri wao "kataa uteuzi huo". Kila komredi akawa mtu mmoja mmoja mbele ya Karume. Na Karume hakuwa mjinga, watu wanaomdharau kwa sababu hakusoma sana wanakosea vibaya. Hakuhitaji kuwafunga, aliwateua. Baada ya Muungano Babu akaenda Dar kuwa waziri wa serikali ya Muungano. Salim akiwa na miaka 22 akaenda Cairo kuwa balozi. Ali Mahfoudh akaishia jeshi la bara, kwenye mpaka wa kusini na wapiganaji wa FRELIMO wa Msumbiji. Mmoja mmoja kundi likatawanywa kwa barua za kupongezwa. Babu huyo huyo Desemba 1964 alikuwa New York akihutubia ukumbi wa Audubon jukwaa moja na Malcolm X, siku ambayo Malcolm alisoma ujumbe wa Che Guevara, ukumbi unapiga makofi. Unguja je? Unguja hakuwa na hata balozi wa nyumba kumi wa kumsemea.

Ukitaka kupima uamuzi ule angalia waliokuwa na mtihani kama huo. Wakomunisti wa Misri 1965 wakavunja chama chao wakaingia mmoja mmoja kwenye chama cha Nasser, wakapewa nafasi magazetini na kwenye wizara, na kama nguvu ya kisiasa wakayeyuka. Sudan ni kinyume: chama kikubwa na chenye wafanyakazi wa reli, kikakataa kumezwa na Rais Nimeiri, Julai 1971 maafisa wa mrengo wake wakajaribu mapinduzi, yakashindwa ndani ya siku chache, na katibu mkuu Abdel Khaliq Mahjub akanyongwa. Kwa hiyo mtu wa Umma anaweza kukujibu unaona, kukataa nako ni kitanzi. Sawa. Ila ipo njia ya tatu, Afrika Kusini. Chama cha kikomunisti kule kilijivunja 1950 sheria ya kukipiga marufuku ilipokuja, 1953 kikajiunda upya kwa siri, na watu wake wakawa wanachama wa ANC huku wana chama chao pembeni chenye vikao vyake na nidhamu yake. ANC iliwahitaji na wao waliihitaji, lakini kila upande ulijua mwenzake ni nani. Kilitoka mafichoni Februari 1990 kikiwa hai. Mtu anaweza kukilaumu chama hicho kwa mengi, hata hivyo hakuna anayeweza kusema makada wake waliachwa peke yao.

Je Zanzibar ingewezekana? Kisiwa cha watu laki tatu ambapo kila mtu anajua jana jirani alipika nini, kuendesha chama cha siri ni shughuli. Nakubali. Lakini kati ya chama cha siri na kujivunja bila masharti kuna nafasi kubwa, na mwezi ule wa Machi makomredi walikuwa na cha kuuza: silaha, utaalamu, na marafiki Peking na Havana. Mwaka uliofuata walikuwa hawana tena.

Ndio maana habari ya Aprili 7, 1972 naiona ni mwangwi tu. Karume aliuawa pale makao makuu ya Afro Kisiwandui, wanasema akicheza bao, na aliyempiga risasi ni Luteni Humud Mohammed Humud ambaye baba yake alifia kizuizini. Kisasi cha mtu au njama ya makomredi? Serikali ikasema njama. Watu wa Umma wakakamatwa Unguja na bara, Babu ambaye Februari tu alikuwa ameachwa kwenye baraza la mawaziri naye akawekwa ndani, kesi ya uhaini ikaendeshwa Zanzibar bila mawakili wa utetezi, na makumi wakahukumiwa kifo, Babu akiwemo, bila yeye kuwepo mahakamani kwa sababu Nyerere alimshikilia bara na hakumtoa. Huku alikataa kumpeleka kwenye kitanzi, huku alimweka kizuizini miaka sita bila kumfungulia kesi yoyote. Nimeona watu wakimsifu Mwalimu kwa la kwanza na kulipita la pili kama halikutokea. Babu alitoka 1978, akaenda kufundisha Marekani na kuishi London, akaandika vikali sana dhidi ya ujamaa wa Nyerere akisema haukuwa ujamaa bali ugawaji wa umaskini bila uzalishaji, na akafariki London Agosti 1996.

Kama kulikuwa na njama au hapakuwa nayo, angalia jinsi walivyokamatika. Hakuna aliyesema neno. Hakuna chama kilichotoa tamko kwa sababu chama hakikuwepo, hakuna mgomo wa bandari kwa sababu vyama vya wafanyakazi vilishamezwa zamani. Waliondolewa kirahisi hivyo kwa sababu walishajiondoa wenyewe.

Waliobaki wametawanyika kwa namna ambazo mtunzi wa hadithi angeona aibu kuzitunga. Ali Sultan Issa, komredi aliyekuwa waziri wa elimu wa mapinduzi, alitoka jela akageuka mtu wa mahoteli ya kitalii. Salim akapanda mpaka waziri mkuu na baadaye katibu mkuu wa OAU, umoja wa nchi za Afrika, kuanzia 1989 hadi 2001, na 1981 alipogombea ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa Marekani walimpigia veto raundi baada ya raundi, wengi wakikumbuka alivyosherehekea 1971 China ilipoingia Umoja wa Mataifa.

Halafu 2005 alipoomba CCM imteue kugombea urais, maneno yakaanza kutembea kwamba huyu ni Hizbu, na kwamba watu wake walimuua Karume. Hizbu! Mtu aliyekuwa kwenye kundi lililotoka Hizbu kwa ugomvi, likapigwa marufuku na serikali ya Hizbu. Waliosambaza yale walijua kabisa kwamba wasikilizaji wengi hawajui tofauti, maana historia ya Umma haikuandikwa na Umma. Afro waliiandika kwa kuifuta, na Waingereza na Wamarekani kwa kuitia chumvi. Makomredi wenyewe walianza kuandika kumbukumbu zao wakiwa wazee, kila mmoja kivyake, na mara nyingine wanapingana wao kwa wao hata kuhusu nani alikuwa wapi asubuhi ile ya Januari 12.